Vyuma, mbio au kutua: mwili wako unahitaji nini kwanza?

Uwanja wetu wa mchezo wa pete uko nyuma ya madarasa, ardhi nyekundu iliyoshindiliwa na miguu ya miaka mingi. Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma unapochachamaa, mistari ya majivu tunayoichora asubuhi huwa imepeperuka kabla ya saa nne. Hapo ndipo mchezaji wangu wa GA (mshambuliaji; kwenye pete kila mchezaji huvaa herufi za nafasi yake, kama GA au C), binti wa kidato cha tatu, aliporuka kuudaka mpira, akatua kwa mguu wa kulia, goti likapinda kwa ndani, akakaa chini. Hakuguswa na mtu. Nilikuwa hatua kama sita kutoka alipo, na nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinapovunjwa.

Binti yule hakuwa dhaifu. Kwenye mchakamchaka wa alfajiri alikuwa mstari wa mbele, na nyumbani kwao alibeba ndoo ya lita ishirini kichwani kutoka bombani bila kuishika. Pumzi alikuwa nazo, nguvu alikuwa nazo, na bado ligamenti ya katikati ya goti (kamba ngumu inayounganisha mfupa na mfupa), ile ambayo watangazaji wa mpira huiita ACL, ilikatika.

Tangu siku hiyo nimesoma, nimewauliza wataalamu wa fiziotherapia, na nimejaribu mambo na wanafunzi wangu. Naandika ulinganisho huu kwa sababu watu wa hapa mjini wameamka kwenye mazoezi, na ni jambo la kushukuru. Jioni barabara ya kupanda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ina wakimbiaji, Jumamosi alfajiri vikundi vya jogingi vinapita vikiimba, na jimu zimeingia mitaani. Swali ninaloulizwa kila wiki ni lilelile: mwalimu, nianze na lipi?

Wengi wanajua njia mbili tu, kubeba vyuma na kukimbia. Ipo ya tatu. Vitabuni inaitwa mazoezi ya neva na misuli, yaani mazoezi ya mishipa ya fahamu na misuli kwa pamoja: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa utulivu, kukata kona ghafla, kusimama ghafla, kuchuchumaa huku magoti yakifuata uelekeo wa vidole. Wanafunzi wangu wanayaita mazoezi ya kutua, na jina hilo linatosha.

Vyuma

Kijana akianza jimu, wiki tatu nne za mwanzo uzito uliomshinda unaanza kupanda. Akijitazama kwenye kioo, mkono ni uleule. Misuli haijanenepa bado. Kilichobadilika ni amri inayotoka juu. Mshipa mmoja wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo huongoza kundi la nyuzi za msuli. Kwenye misuli ya jicho kundi moja lina nyuzi chache sana, kwenye paja lina mamia. Mwili huyaita makundi madogo kwanza, na makubwa huyaita mzigo unapozidi. Asiye na mazoezi anayo makundi makubwa ila hajui kuyaita yote kwa wakati mmoja. Vyuma vinamfundisha kuita.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni mtu aliyefungwa hogo, ile plasta ngumu, mkono mmoja. Akiufanyisha kazi mkono mwingine ulio mzima kwa uzito wa kutosha, ule uliolala ndani ya hogo hupoteza nguvu kidogo kuliko ambavyo ungepoteza. Msuli haukuguswa, ila mishipa ya fahamu ilipata somo kutoka upande wa pili.

Baada ya hapo, kuanzia wiki ya sita au ya nane, unene nao huonekana. Nyuzi zinajaa protini, kano zinakakamaa vizuri, na mifupa inajibu mzigo kwa kuwa imara zaidi. Hizo ni faida kubwa, na sitaki mtu asome makala hii akaachana na vyuma.

Ila angalia saa. Mtu akichuchumaa na chuma mabegani hutumia sekunde mbili tatu kushuka na kupanda. Msuli unahitaji kama theluthi ya sekunde, na wakati mwingine zaidi, kufikia nguvu yake ya juu kabisa. Mguu unaotua kwenye mchezo wa pete haupewi muda huo. Sheria hairuhusu kukimbia na mpira, kwa hiyo ukiudaka ukiwa kwenye kasi unalazimika kusimama palepale, na mwili wote unaangukia mguu mmoja.

Mbio

Hapa sitakaa sana, kwa sababu faida za mbio zinajulikana. Katika wiki mbili za mwanzo maji ya damu huongezeka, moyo ukasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Miezi ikipita, vijishipa vyembamba vya damu vinaongezeka kwenye misuli, na mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nishati, zinakuwa nyingi zaidi. Presha inashuka, sukari inatumika vizuri, usingizi unakuja. Kwa mtu anayekaa kwenye kiti ofisini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kutwa nzima, sijui dawa iliyo rahisi kupita hii.

Upungufu wake ni kwamba mbio za barabarani ni hatua ileile maelfu ya mara, mbele tu. Mguu hauulizwi swali jipya. Mtu anaweza kukimbia kilomita kumi kila Jumamosi halafu akateguka kifundo kwa kukanyaga ukingo wa mtaro akishuka kwenye daladala.

Nisiwaonee wakimbiaji, maana kwenye ngazi ya juu mishipa ya fahamu huamua hata mbio ndefu. Septemba 2025 kule Tokyo, mtoto wa Singida, Alphonce Simbu, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia baada ya kilomita 42 na ushei kwa tofauti ya sehemu 3 za mia moja ya sekunde. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda uleule wa saa 2:09:48. Mapafu yaliwafikisha wote wawili uwanjani. Hatua zile za mwisho, miguu ikiwa imechoka kabisa, zilitaka misuli inayoitwa kwa haraka na kuitika kwa haraka.

Kutua

Umewahi kushuka ngazi gizani, umeme umekatika, ukadhani umefika chini kumbe imebaki ngazi moja? Mguu unazama, mgongo unashtuka, meno yanagongana. Urefu ni wa sentimita chache tu, lakini mwili mzima umetikisika kwa sababu ulikuwa umejiandalia kitu kingine. Hapo ndipo unapogundua kwamba siku zote misuli huanza kukaza kabla mguu haujagusa chini. Ubongo unabashiri ardhi iko wapi na inagonga vipi, kisha unatuma amri mapema.

Ubashiri huo ndio unaofundishwa. Watafiti waliochambua picha za video za wanawake waliokatika ACL kwenye mpira wa mikono na wa kikapu waliona kwamba jeraha lilitokea takribani milisekunde 40 baada ya mguu kugusa sakafu. Milisekunde 40 ni chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Taarifa ikitoka gotini hadi uti wa mgongo na kurudi, kisha msuli ukaze mpaka uvute kweli, ligamenti imekwisha kukatika. Ukisubiri kuhisi, umechelewa, hata uwe na paja kama gogo la mbuyu. Kinga pekee ni ile iliyokuwa tayari kabla ya kugusa chini.

Mazoezi ya kutua yanabadilisha mambo kadhaa yasiyoonekana kwenye kioo. Misuli ya nyuma ya paja inajifunza kuwaka mapema na kuuzuia mfupa wa muundi usisukumwe mbele. Misuli ya makalio inashika nyonga ili paja lisiangukie ndani. Goti linakunja zaidi, mshtuko ukagawanywa kati ya kifundo, goti na nyonga badala ya kubebwa na kiungo kimoja. Ndani ya misuli na kano kuna vihisio vidogo vinavyopima mvutano na urefu. Ubongo unajifunza kuzisoma taarifa zake vizuri zaidi, ndiyo maana mtu aliyefanya mazoezi haya wiki sita hivi anaweza kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa bila kuyumba kama mwanzo. Na kama somo lolote la mwili, usingizi wa usiku husaidia lishike.

Mimi nayapima kwa masikio. Wiki ya kwanza nilipowapandisha wanafunzi juu ya kiti cha darasani na kuwaambia washuke, ardhi ililia: pah! Magoti yamenyooka, visigino vinatangulia. Nikawaambia, rukeni tena, safari hii nisisikie kitu. Hilo tu. Sikutaja nyonga wala ligamenti. Mwili ukiambiwa utue kimya, wenyewe unakunja goti, unatua kwa vidole kwanza, unanyumbuka. Mwezi ulipoisha nilikuwa nikigeuka kuangalia kama wamesharuka.

Wahenga wa Kigogo walilijua hili kwa njia yao. Mtazame mchezaji wa ngoma mwenye njuga miguuni: akitua ovyo, njuga zinamsema mbele ya kijiji kizima.

Matokeo yake uwanjani yamepimwa. Mwaka 2006 FIFA pamoja na watafiti wa Oslo na wa Marekani walitengeneza programu ya kupasha mwili ya dakika 20 yenye mazoezi 15: mbio nyepesi, nguvu, kuruka, mizani (kusimama bila kuyumba), kisha mbio za kasi. Ilijaribiwa Norwe kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 karibu 1,900, na matokeo yalipochapishwa 2008, majeraha kwa jumla yalikuwa yamepungua kwa takribani theluthi, na yale makubwa karibu nusu. Kuna atakayesema Norwe ni Norwe. Basi Lagos nako walijaribu kwa vijana wa kiume 416 wa ligi ya vijana, na majeraha yakapungua kwa asilimia 41. Havikutumika vifaa vya gharama.

Udhaifu wake niuseme wazi. Hayapunguzi tumbo kwa maana yoyote ya kuridhisha. Hayajengi kifua. Ukiyaacha, faida inafifia, kwa hiyo ni mara mbili tatu kwa wiki msimu mzima. Na zaidi ya yote yanataka jicho la mtu mwingine. Vyuma vinajihesabu kwa kilo, mbio zinajihesabu kwa kilomita, lakini goti linaloingia ndani huwezi kuliona mwenyewe ukiwa hewani. Mwombe mwenzako asimame mbele yako na akurekodi kwa simu ukitua. Ukiangalia taratibu utashangaa. Kufanya mazoezi haya vibaya mara mia ni kuufundisha mwili kosa mara mia.

Nani aanze na lipi

Msichana wa miaka 12 hadi 18 anayecheza pete, mpira wa miguu, wavu au kikapu: kutua kwanza, bila mjadala. Kwenye michezo ileile wasichana hukatika ACL angalau mara mbili zaidi ya wavulana, na hatari inaanza pale urefu unapoongezeka ghafla, miguu imekuwa mirefu na ubongo haujazoea vipimo vipya. Dakika 15 au 20 mwanzoni mwa mazoezi, kabla ya kuchoka, kwa sababu mwili uliochoka unatua vibaya na unajifunza vibaya. Walimu wenzangu tunaoandaa timu za UMISSETA na UMITASHUMTA, michezo ya shule za sekondari na za msingi, naomba tulichukue hili kwa uzito. Tunawakimbiza watoto mizunguko kumi ya uwanja kama kupasha misuli, halafu tunashangaa magoti.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea: kutua pia, ila kwa sura nyingine. Likizo iliyopita nilikwenda kwa mama yangu Kongwa. Baada ya shikamoo na chai nikamwomba asimame kwa mguu mmoja akishika fremu ya mlango. Akanitazama.

"Mwanangu, mimi ni korongo?"

"Jaribu tu, mama. Sekunde kumi."

Mguu wa kushoto alisimama sekunde nne, kidole gumba kikichimba sakafu, kifundo kikitetemeka. Nilinyamaza kidogo. Huyu ndiye aliyekuwa akitembea na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Uzeeni mwili hupoteza hata ile mishipa ya fahamu inayoongoza makundi ya misuli, na makundi ya haraka ndiyo yanaondoka zaidi, yaleyale yanayookoa mtu anapojikwaa.

Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 ulikusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60. Mazoezi yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23, na yaliyofanya kazi hiyo hasa yalikuwa ya mizani na ya kuiga kazi za kila siku kama kuinuka kitini. Yakiongezwa na ya nguvu, kupungua kulifika karibu theluthi. Kutembea peke yake hakukuonyesha faida ya wazi kwenye jambo hili. Tunapowaambia wazazi wetu "tembeatembea kidogo", tunawasaidia moyo, lakini nyonga tunaiacha bila mlinzi. Mama sasa anasimama akipiga mswaki, mkono mmoja ukutani, na anainuka kitini mara kumi bila kujisukuma kwa mikono. Ijumaa iliyopita alinipigia simu kunitangazia sekunde kumi na moja.

Mtu wa ofisini mwenye uzito, presha au sukari: anza na kutembea kwa haraka na mbio za pole. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku mbili za kuimarisha misuli. Mazoezi ya kuruka yasubiri. Mwenye kisukari cha muda mrefu aangalie nyayo zake: kama zimeanza kufa ganzi, vihisio vya mguuni havileti taarifa kamili, kwa hiyo mizani afanye karibu na ukuta na akiwa na viatu. Ardhi yetu ina mbigili, na mguu usiohisi mwiba hugundua siku ya tatu, kidonda kimeshaingia.

Aliyeteguka kifundo zaidi ya mara moja: mizani kabla ya kurudi mbioni. Kuteguka hakuvuti ligamenti peke yake, kunaharibu na vihisio vyake, ndiyo sababu mguu uliowahi kuteguka hupenda kuteguka tena. Wengi wanasubiri uvimbe ushuke, maumivu yaishe, wanarudi uwanjani na kifundo kisichojua kilipo. Wiki sita hadi nane za kusimama kwa mguu mmoja, kwanza sakafuni, kisha juu ya godoro lililokunjwa, kisha ukidaka mpira, zinapunguza kurudia kwa jeraha. Ila goti lililovimba muda mfupi baada ya mlio lipelekwe hospitali kwanza. Usilifanyie mazoezi ya kusoma mtandaoni.

Kijana wa jimu anayetaka mwili: endelea na vyuma, chukua dakika kumi za kutua kabla hujavigusa. Nguvu unayoijenga itakufaa zaidi ikifika kwa wakati.

Kama una dakika 60 tu kwa wiki nzima na hujui wewe ni nani kati ya hao, ningezigawa tatu: kila kipindi dakika saba za kutua na mizani, nane za kuchuchumaa, kupanda kiti na kubeba mzigo, tano za mbio fupi kwenye mwinuko. Fanya saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza. Chagua mahali palipofagiwa. Kiangazi ardhi ya Dodoma ni ngumu kama saruji, na mvua za Januari zikianguka inateleza kama sabuni. Zote mbili mguu uzijue, lakini mruko wa kwanza wa maisha yako usiwe kwenye tope. Siku mbili za mwanzo mapaja yatauma, hasa wakati wa kushuka ngazi. Hayo ni maumivu ya kawaida ya misuli iliyofanya kazi ya kuzuia, na huisha kabla ya wiki.

Binti yule alifanyiwa upasuaji. Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile, na ushauri unaozingatiwa sasa ni kutorudi kwenye mchezo kabla ya miezi tisa tangu upasuaji, na hata hapo ni mpaka mguu upimwe ulingane na mwenzake. Kila jioni anakuja uwanjani na filimbi yangu. Anakaa kwenye benchi, anawageuzia mgongo wenzake, na wao wanaruka kutoka kwenye kiti mmoja baada ya mwingine. Akisikia mguu, anapuliza.

"Nimekusikia, C. Rudia."